Kila Mtu Ana Dawa ya Valarie

Valarie aliniambia habari ile akiwa nyuma ya kichwa changu.

Pale Kenyatta Market kichwa kimoja husukwa na watu watatu kwa pamoja ili mteja atoke haraka: mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja kisogoni. Siku hiyo kushoto alikuwa Stellah, kulia Kavutha, na kisogoni Valarie, ambaye amenisuka tangu nikiwa chuoni na ambaye ndiye rafiki yangu wa karibu kuliko wote jijini. Kwa hivyo aliposema, "Ngina, majibu yametoka. Ni kansa. Ya titi," sikuweza hata kugeuka nimtazame. Nywele zangu zilikuwa zimekamatwa pande zote. Nilijaribu. Kavutha akanirudisha kichwa kwa kidole kimoja, kama mtu anayenyoosha picha ukutani.

"Tulia, utaniharibia laini," akasema. Halafu maneno yakamfikia. "Ati nini?"

"Kansa," Valarie akarudia. Mikono yake haikusimama. Nilihisi vidole vyake vikigawa nywele, vikisokota, vikishuka, vile vile kama kila siku.

Nilitaka kusema kitu. Mimi ni mtu wa kutafuta neno kwa muda mrefu. Ninafundisha chekechea huko Lavington, na watoto wale ndio watu pekee ambao hungoja mpaka nimalize sentensi. Kabla sijapata neno la kwanza, Stellah alikuwa na lake tayari.

"Usikubali wakukate, Vale. Jirani yetu Kawangware alikatwa, hakumaliza mwezi."

"Na uache sukari," Kavutha akadakia. "Kansa inakulanga sukari. Na hiyo simu unaweka hapo kwa sidiria, toa. Si utoe sasa!"

Nikasikia simu ikitua kwenye trei ya vitana.

Kwenye kiti cha pili kulikuwa na mama mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imesimama wima, ufunguo wa gari mkononi. "Samahani naingilia, dadangu," akasema kwa sauti ya chini, ile ya matangani. "Majani ya mstafeli. Chemsha, kunywa kama chai. Binamu yangu uvimbe ulinyauka kabisa."

Moyoni nilimwuliza binamu huyo yuko wapi leo.

Walipofika hatua ya kutumbukiza ncha za nywele zangu kwenye beseni la maji moto, Valarie alikuwa ameshaambiwa aache nyama, ale maini, asile maini, na amsamehe mtu yeyote aliyemkosea, kwa sababu kansa ni kinyongo kilichoganda. Yeye alimjibu kila mmoja, "Asante. Asante sana. Nitajaribu." Nilipoinuka na kugeuka hatimaye, nilimkuta ameinamisha uso kwa adabu, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya gwaride. Nikamshika mkono. Ulikuwa na mafuta ya nywele na ulikuwa baridi.

Hilo ndilo tatizo la Valarie: hajui kukataa. Mteja akitaka nywele nyembamba kama uzi wa kushonea, Valarie atasuka hadi vidole vifanye ganzi. Ukimpa chakula akiwa ameshiba, atakula. Na alikuwa na kila sababu ya kukataa, maana siku mbili baadaye nilikwenda naye hospitali, daktari akamweleza yote, na daktari alieleza vizuri. Angeanza na kemo ili uvimbe upungue, halafu upasuaji. Angeanza Jumanne ya wiki iliyofuata. "Umekuja mapema," daktari alimwambia. "Uvimbe ni mdogo na haujasafiri popote. Sasa usichelewe tu."

Usichelewe tu. Sikudhani kuna sentensi rahisi kuliko hiyo.

Tunaishi ploti moja Waithaka, mimi ghorofa ya kwanza, yeye chini. Kila asubuhi nikishuka kwenda kazini nilimkuta anachemsha kitu. Alfajiri, ndimu na magadi. Saa nne, majani ya mstafeli, ambayo yule mama wa ufunguo wa gari alimletea mfuko mzima. Mchana, bitiruti. Jioni, kitunguu saumu kilichopondwa na asali, hadi jirani mmoja akasema asali ni sukari, basi kikabaki kitunguu saumu peke yake. Chumba kilinuka hadi ngazini.

"Umekula?" nilimwuliza siku moja.

Akafikiri. "Kula? Nitaweka wapi?"

Nilipaswa kusema hapo. Nilipanda ngazi nikiwa nimejiandalia hotuba nzima kichwani, yenye mwanzo, kati na mwisho, nikaihutubia sufuria yangu ya wali.

Kisha akaja Senje Rael.

Huyu ni dada wa baba yake, kutoka Vihiga, na ndiye aliyemlea Valarie baada ya mama yake kufariki. Alifika na kikapu, na ndani ya kikapu mkebe uliofungwa kwa kitambaa. Ndani ya mkebe, unga wa kahawia wenye uchungu unaousikia kooni hata kabla hujauonja.

"Hizo zenu za majani ni za kuonja," Senje alituambia, akisukuma kando chupa zote zilizokuwa mezani. "Hii ni ya kumaliza."

Akaanza kuukoroga kwenye uji, asubuhi na jioni. Lakini uji haukumtosha. Alitaka Valarie aende nyumbani kabisa, mganga aliyetoa unga huo amwone kwa macho yake. "Hawa wa hospitali wakimweka tu kisu, inaamka," alisema. "Mama yake iliamka hivyo hivyo. Alitoka huko amefungwa bandeji, hata hakuweza kukaa. Mimi nilikuwa hapo."

Ningeweza kumchukia, ingekuwa rahisi. Lakini Senje alilala sakafuni ili Valarie apate kitanda. Alifua. Jioni alimkanda miguu na kumsimulia umbea wa kijiji hadi acheke. Unamkasirikia vipi mtu anayemkanda miguu rafiki yako? Niliweza, lakini kwa shida.

Jumamosi kabla ya matibabu wakaja kina mama wa kanisa. Kwetu mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja mmoja. Huja kundi zima, na kundi haliondoki kabla ya chai, wimbo, na neno kutoka kwa kila mtu. Walijaa kitandani, kwenye viti vya kuazima, wengine mlangoni. Nilikimbilia jiko nitengeneze chai, lakini Valarie alininyang'anya birika. "Wageni ni wangu," akaninong'oneza. "Watasemaje?"

Basi mgonjwa akawa ndiye anayemimina.

"Valarie, mwanangu," alianza Mama Kitavi, mwenyekiti wao, mwanamke mpana mwenye sauti ya kipaza sauti, "sasa wewe kazi yako ni moja tu. Kupumzika. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Usiguse kitu. Upumzike." Akanyoosha kikombe. "Niongezee kidogo. Na kama kuna maziwa, hii imekuwa nyeusi."

Valarie akamwongezea. Mwingine akamwambia asiwe na mawazo, halafu akasimulia mazishi ya dada yake tangu mwanzo hadi gari la maiti lililochelewa. Mwingine akasema kemo ni sumu, mwingine akasema si sumu bali ni jaribu. Mmoja, kijana kidogo, alimtazama kifuani muda wote kana kwamba uvimbe ungetoka usalimie.

Nilikuwa nimesimama kando ya pazia na trei. Nikasema, "Jumanne anaanza matibabu. Foleni huanza mapema sana. Tungeomba mtu mmoja aende atushikie nafasi, mimi nitakuwa naomba ruhusa kazini."

"Nani ameongea?" Mama Kitavi aliangaza.

"Ni Ngina," mtu akasema.

"Ngina! Ongea kwa sauti, mama, sisi si wanyama."

Nikarudia. Ikatokea sauti ndogo kuliko ya kwanza.

"Ooh, Jumanne," akasema. "Jumanne tuna kikao cha harusi. Lakini tutakuwa na yeye kiroho."

Wote wakaitikia amina. Wakaimba, wakaomba, wakaondoka. Mimi na Senje tukaosha vikombe. Nilisugua kimoja hadi ua lililochorwa likaanza kufifia. Foleni ya hospitali haishikwi kiroho! Ningelisema hilo. Ningelisema kwa sauti ya kipaza sauti.

Jumanne tulifika giza bado lipo, mimi, Valarie, na Senje aliyekuja, kama alivyosema, kuona mwisho wa ujinga. Valarie akatolewa damu. Tukasubiri. Karibu saa sita akatuita nesi anayeitwa Wesonga, mwanamume mrefu mwenye viatu vya raba na uso wa mtu ambaye hajakaa chini tangu asubuhi.

"Valarie. Nyumbani unakunywa dawa gani?"

"Hakuna, daktari." Pale hospitali kila mtu ni daktari.

"Hakuna kabisa?"

"Maji tu."

Wesonga alitazama karatasi ya majibu, akamtazama yeye. "Maji hayafanyangi hivi. Ini yako imekasirika. Na kemo hatuwezi kuweka mtu ini imekasirika, itakuumiza. Nauliza tena."

Valarie alikuwa anatazama miguu yake. Senje alikuwa anatazama dari. Na mimi, ambaye hunong'ona hata nikiagiza soda, nikajisikia nikisema, "Anakunywa magadi na ndimu, majani ya mstafeli, bitiruti, kitunguu saumu, mwarobaini wa Stellah, kitu cheusi kwa chupa ambacho sikijui, na unga kwa uji. Asubuhi na jioni."

Mgonjwa wa kiti cha jirani aliacha kutafuna.

"Unga gani?" Wesonga akauliza.

"Ni mizizi," Senje akasema, akijinyoosha. "Ya kwetu. Haina kemikali."

"Mama, hata nyoka hana kemikali."

Senje alivuta hewa. Wesonga hakumngoja. "Wiki moja," akamwambia Valarie. "Chakula, maji, usingizi. Hakuna kitu ingine, hata kama imeletwa na askofu. Jumanne ijayo tunapima tena. Ini ikitulia, tunaanza hiyo siku. Tumeelewana? Usinipotelee."

Kwenye korido Valarie alitembea mbele yangu bila kugeuka. "Umeniuza," akasema. "Mbele ya Senje. Umeniuza kama nyanya."

Kabla sijajibu, Senje aliwahi. Alisimama katikati ya watu wote, akainua mikono miwili.

"Mmeona? Mmeona wenyewe! Hata wao wamekataa. Huo mlango umefungwa na Mungu. Kesho asubuhi tuko kwa basi."

Jamani. Unga wenyewe ndio uliosababisha turudishwe, na sasa kurudishwa kukawa ushahidi wa unga. Nilimtazama Valarie aseme kitu. Alirekebisha kamba ya mkoba begani. Akasema, "Sawa, Senje."

Tukashuka mjini kukata tiketi. Senje aliingia ofisi ya mabasi ya magharibi, kwenye ule mtaa wa mabasi, magunia na spika zinazopiga kelele, akatuambia tumngoje. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la chipsi. Nikamvuta Valarie tukaingia, nikaagiza sahani moja, nikamsukumia. Alianza kula polepole, halafu haraka, halafu kwa mikono yote miwili. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona akila kitu cha kutafuna.

Basi nikaona ndiyo nafasi yangu. Hotuba niliyoihutubia sufuria ilikuwa bado ipo, nami nilikuwa nimesoma mno mtandaoni wiki ile. Nikajikohoza.

"Valarie, unajua utafiti unaonyesha kwamba..."

"Leta," akasema, kinywa kimejaa. "Na wewe leta yako. Si kila mtu amemwaga yake? Mwaga."

Masikio yangu yalipata moto. Nje mtu alikuwa anaita abiria wa Busia. Nilitazama sahani, nikatazama mikono yake, na swali likatoka lenyewe, swali la kijinga kabisa.

"Wewe unataka nini?"

Aliacha kutafuna. Akatafuta jibu kwa muda mrefu, kama ninavyotafuta mimi.

"Nataka watu wanyamaze," akasema.

Tukacheka. Alicheka hadi akapaliwa, nikampiga mgongo, na aliponyamaza macho yake yalikuwa yamejaa.

"Nataka kuanza hiyo dawa," akasema. "Uvimbe ni mdogo. Alisema ni mdogo, si ndiyo? Nataka kuanza ukiwa bado mdogo. Lakini nasikia kemo inafanya vidole ganzi. Mimi nasuka, Ngina. Nikikosa vidole nitakula nini? Hilo ndilo naogopa. Si nywele, si kutapika. Na hakuna mtu amenieleza, kwa sababu kila nikitaka kuuliza mtu amenishikia kikombe."

"Na mbona hujamwambia Senje hutaki kwenda?"

"Mwambie wewe."

"Mimi?"

"Si leo umepata mdomo? Uliorodhesha mpaka mwarobaini."

"Ulitoka tu. Haurudi."

"Basi tutaenda Vihiga sote wawili," akasema, akafuta macho kwa kiganja chenye mafuta ya chipsi. "Mabubu wawili."

Senje aliingia akiwa na tiketi mkononi, amechangamka kwa sababu amepata viti vya mbele. Akavuta kiti. "Saa moja asubuhi. Tutafika jua likiwa juu. Nimeshampigia mganga simu, anatungoja."

Valarie alisukuma sahani kando. Nilidhani atasema sawa. Niliona kabisa mdomo wake ukijiandaa kusema sawa.

"Senje, nilikuwa darasa la saba," akasema. "Mama alipougua."

"Najua, mwanangu."

"Alikunywa hiyo dawa tangu kupanda hadi kuvuna, na tukapanda tena akiwa bado anakunywa. Mimi ndiye nilikuwa namkorogea. Nikitoka shule nakoroga. Alipopelekwa hospitali titi lilikuwa limeshapasuka, Senje. Nilikuwa naliosha. Si kisu. Kisu kilimkuta ameisha."

Nyuma ya kaunta mafuta yalikuwa yanachemka kwa kelele na mtu alitaka pilipili zaidi.

"Ulikuwa mtoto," Senje akasema mwishowe.

"Nilikuwa naona."

"Mbona hujawahi kusema? Miaka yote hii?"

"Ungelala aje?"

Senje alitazama tiketi. Alizilaza mezani, akazinyoosha kwa kidole, ingawa hazikuwa zimekunjamana. "Na mimi nimekuletea ile ile," akasema, kama mtu anayejisomea kitu. "Ile ile, kwa mkono wangu."

"Ulileta kwa sababu unanipenda. Najua. Lakini sitakunywa tena." Mguu wake chini ya meza ulikuwa unapiga wangu. "Na siendi, Senje. Jumanne narudi pale."

Nilitaka kusema neno la upole. Lilichelewa kuja kama kawaida, na kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru. Baadaye sana Senje alinyoosha mkono, akachukua kiazi kimoja kilichopoa kwenye sahani, akakitafuna.

"Hakina chumvi," akasema, na kitambaa chake cha kichwa akakitumia kufutia pua.

Nilidhani atapanda basi peke yake. Hakupanda. Mkebe ulitoweka mezani. Sijui aliupeleka wapi na sikuuliza. Siku iliyofuata niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameweka kiti mlangoni kwa Valarie, mapaja yamejaa mboga anazochambua, na mbele yake amesimama Mama Kitavi na chupa.

"Ni mafuta tu, ya mbegu nyeusi," Mama Kitavi alikuwa anasema. "Kijiko kimoja asubuhi."

"Mafuta? Huyu ni mgonjwa ama ni cherehani?"

"Mama Rael, sisi tunataka tu kusaidia."

"Vizuri. Shuka ziko kwa beseni, sabuni iko dirishani."

Mama Kitavi alinitazama mimi nimtetee. Niligundua ghafla kwamba kamba ya kiatu changu ilihitaji kufungwa. Nilipoinuka, alikuwa amevua saa na kukunja mikono ya blauzi, na lazima niseme ukweli: anafua vizuri sana. Kabla hajaenda alisema atamtuma mwanawe Muema atushikie foleni Jumanne, na Muema alikuja kweli, akashika nafasi ya tatu.

Stellah naye alifika na kifurushi. Akatoka na takataka za kutupa. Habari zikaenea, wageni wakapungua. Si kwamba Senje alikuwa rahisi. Nyumba ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza, lakini sasa yeye ndiye aliyemwamsha Valarie kumwuliza kama amelala vizuri. Alimhesabia matonge. Alinipigia simu darasani, watoto wakiwa katikati ya wimbo, kuniuliza kama ndizi ni dawa au ni chakula. "Ni chakula, Senje." "Una hakika? Kwa sababu nesi alisema hata ya askofu." Nilitaka kuirusha simu nje ya ukuta wa Lavington.

Jumanne, damu ikatolewa tena. Nilijaribu kuusoma uso wa Wesonga alipokuwa anakuja, lakini uso wake ni ule ule, wa mtu anayetafuta kiti.

"Imetulia," akasema. "Haijarudi sawasawa kabisa, lakini daktari ameiona, amesema tuanze."

Senje alifungua mdomo. Valarie akainua kiganja, hakumtazama hata.

"Daktari, nina swali," akasema. "Mimi nasuka nywele. Vidole vyangu vitakuwaje?"

Wesonga alitazama huku na huku, akapata kiti, akakivuta na kukaa. Ndiyo mara pekee nimemwona amekaa.

"Hizi dawa za kwanza hazisumbui sana vidole," akasema. "Zitakuchosha, utatapika labda, nywele zitaenda. Zile za mwisho ndizo zinaletanga ganzi. Ukianza kuisikia, hata kidogo, hata kama ni ncha ya kidole kimoja, unaniambia siku hiyo hiyo. Usivumilie kwa sababu ya adabu. Daktari anaweza kupunguza dawa au kubadilisha. Wengi vidole hurudi. Wachache hubaki na ganzi kidogo. Sitakudanganya."

Valarie alivitazama vidole vyake, kumi vyote, akavikunja na kuvikunjua. Senje alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wa Valarie, na sikuwa na ushauri wowote.

"Sawa," Valarie akasema. Akakunja mkono wa blauzi wa kushoto, akaulaza mkono juu ya mto. "Weka sindano kwa huu. Ule mwingine ndio wa kazi."